Umeme Unaovuja Gatini

Igogo, Mwanza
10 Novemba 1997

Ndugu Josephat Chenge,
Idara ya Mauzo, Dar es Salaam.

YAH: DRAIVU YA PAMPU YA ZIWANI

Uliposimama mbele yetu kiwandani mwezi Juni, na tai yako, ulituambia kisanduku hiki kitaongeza na kupunguza mwendo wa mota ya pampu kama mtu anavyoongeza na kupunguza sauti ya redio. Wafanyakazi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na najua uliniona.

Sasa redio yako inazimika. Kila asubuhi tukiwasha pampu iliyoko gatini, inayovuta maji ya ziwa kuyapeleka kwenye mashine ya barafu, draivu inaunguruma kidogo kisha inajikata, na kwenye kioo chake inaandika kwamba umeme unavuja kwenda ardhini. Tunaiwasha tena, inajikata tena. Jua likipanda inakubali na kufanya kazi mpaka jioni bila neno. Siku ya mvua haikubali kabisa, na mvua za mwaka huu hata ninyi huko mnazisikia. Sangara wanamiminika kutoka kwenye mitumbwi, barafu hakuna, na minofu ikianza kulegea Meneja wetu, Bwana Ndalahwa, hamwiti aliyemuuzia draivu. Ananiita mimi.

Kama kampuni yenu ina mtu anayejua draivu mbali na kujua kuiuza, mtume.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mhandisi Modesta Maige


Dar es Salaam
19 Novemba 1997

Bibi Maige,

Mambo ya "Ndugu" na "ujenzi wa Taifa" tuliyaacha pamoja na maduka ya kaya. Siku hizi kuna mteja na kuna muuzaji, na mteja mwema husoma kitabu cha maelekezo kabla ya kuandika barua ya matusi.

Naambiwa kabla ya kuja kwenye samaki ulikuwa kwenye kiwanda cha nguo cha umma mpaka kilipofungwa. Basi nimeelewa. Wahandisi wa mashirika ya umma nawafahamu. Mlizoea fyuzi za kusokota waya kwa mkono, na mota ikigoma mnaagiza chai. Draivu inapojikata si kwamba ni mbovu. Imeona umeme unatoroka njia yake, ikakataa kuendelea. Ina akili kuliko watu kadhaa ambao ningeweza kuwataja.

Fanya hivi. Fungua nyaya zinazotoka kwenye draivu kwenda kwenye mota, uiwashe draivu ikiwa peke yake. Ikijikata, tatizo ni langu. Isipojikata, tatizo ni lenu: ama mota, ama kebo ya kwenda gatini. Hapo pima mota peke yake na kebo peke yake, kwa mega. Na hapa naandika polepole ili unielewe: USIPIME kwa mega wakati draivu bado imeungwa. Mega inasukuma umeme mkali kuona kama ganda la waya linavujisha, na umeme huo utaunguza matumbo ya draivu. Nimewahi kurudishiwa draivu iliyouawa namna hiyo na mtu mwenye shahada.

Sitatuma fundi kutoka Dar kuja kufungua skrubu.

J. Chenge


Igogo, Mwanza
28 Novemba 1997

Ndugu Chenge,

Ahsante kwa somo la mwaka wa pili. Nililifaulu ulipokuwa bado unajifunza kufunga tai.

Nilikuwa nimeshafanya yote hayo kabla ya kukuandikia, lakini nimerudia ili usilale na mashaka. Draivu peke yake inakwenda asubuhi yote haijikati. Mota peke yake, kwa mega, ni nzima. Kebo ndiyo inayovuja: asubuhi kipimo kinaanguka karibu na sifuri, mchana inapona. Kitu kinachougua kikipoa na kupona kikipata joto ni kitu kilicholowa. Na kebo nzima iliyotoka kiwandani kwake hailowi ndani. Inalowa pale ilipokatwa na kuungwa.

Kebo hii mliileta ninyi na aliyeilaza ni fundi wenu, Nurudin. Aliipitisha kwenye bomba la chuma chini ya gati, bomba lenyewe akalifunga kwenye nguzo zilezile zinazoshika ngazi ya chuma ya kushukia majini. Ziwa limepanda mwaka huu, bomba linaguswa na mawimbi. Mwulize Nurudin aliunga wapi. Nami naomba kebo nyingine, kipande kimoja, bila kiungo.

Kwenye ngazi ile wanashuka akina mama wa hapa Igogo kuosha mapanki, mifupa ya sangara wanayonunua kwetu baada ya minofu kwenda Ulaya. Nakuambia hili kwa sababu nyinyi wa mauzo hamkanyagi huko.

M. Maige


Dar es Salaam
8 Desemba 1997

Bibi Maige,

Nimemwuliza Nurudin. Anasema: "Bosi, kebo ile ni moja, toka kwenye draivu mpaka kwenye mota." Ameweka nyaya kwenye viwanda vingi kuliko ulivyotembelea. Kati ya neno lake na ubashiri wako kuhusu kiungo ambacho hujakiona kwa macho, naona kazi ya kuchagua si ngumu.

Kebo yenu ni ndefu. Kebo ndefu ikiwa na draivu huvujisha kidogo hata ikiwa nzima, na draivu yenu imewekwa nyeti mno. Kuna namna ya kuirekebisha, lakini kwa jinsi unavyopokea ushauri nitazungumza na Bwana Ndalahwa mwenyewe. Yeye angalau anajua kiwanda kipo ili kizalishe, hakipo ili mhandisi wake ashinde ubishi.

Wale akina mama sijui wanahusikaje na usikivu wa draivu.

J. Chenge


Igogo, Mwanza
15 Desemba 1997

Chenge,

Haya. Zungumzeni, ninyi mnaoelewana. Nimechoka kubishana na katalogi inayotembea.

Nakwenda likizo Ngudu kwa mama. Nikirudi nitaing'oa kebo hiyo mimi mwenyewe na kukutumia kiungo hicho kwenye boksi, ukiweke mezani kwako karibu na picha ya gari lako.

M. Maige


Dar es Salaam
5 Januari 1998

Bibi Maige,

Heri ya Mwaka Mpya. Bwana Ndalahwa amenipigia simu kwa furaha. Anasema draivu haijajikata hata mara moja tangu Krismasi, iwe mvua, iwe jua, na barafu ipo ya kumwaga.

Sina kinyongo. Nimefarijika kuona kwamba hatimaye ulikubali kuuliza kwa ustaarabu, hata kama ulipitia mdomo wa Meneja wako. Hakuna aibu katika kujifunza.

J. Chenge


Igogo, Mwanza
14 Januari 1998

Josephat Chenge,

Nimerudi jana. Barabara ya Ngudu ilikatika kwa mafuriko, nikachelewa kuliko nilivyopanga. Barua yako ya furaha nimeikuta mezani, nikaisoma baada ya kutoka hospitali. Ngoja nikueleze furaha hiyo imefikia wapi.

Jumatano iliyopita asubuhi mama mmoja anaitwa Odeta alishuka na karai lake la mapanki. Maji yamepanda mpaka vidato vya katikati vya ngazi. Aliingia majini hadi magotini, akashika ngazi kwa mkono wa kulia. Hakuiachia tena. Wenzake walidhani anacheka, maana mdomo ulikuwa wazi na meno yanaonekana. Binamu yake alipotaka kumvuta, Luhende, mlinzi wetu, akapiga kelele: "Usimguse! Usimguse, ni umeme!" Akampiga Odeta mkononi kwa kasia mpaka akaachia. Alimvunja mfupa. Ndiyo maana yu hai.

Kiganja kimeungua mpaka ndani. Vidole viwili wamevikata.

Na pampu, unajua? Pampu haikusimama. Mtu alikuwa ameng'ang'ania ngazi, umeme wa draivu yako unapita mwilini mwake kwenda ziwani, na draivu yenye akili kuliko watu ikaendelea kuvuta maji ya barafu. Jana niliposikia nilikimbilia kwenye kisanduku kabla hata sijavua koti la safari. Ulinzi wa kuvuja, ule unaoifanya draivu ijikate, umezimwa. Nikamwuliza Ndalahwa nani kauzima. Akanijibu bila kuinua macho kwenye gazeti lake: "Mtaalamu wa Dar ndiye aliyetuelekeza. Namba za kubonyeza alinisomea kwa simu."

Nilikuwa nakudharau kama mchuuzi. Naona nilikupandisha cheo.

M. Maige


Dar es Salaam
20 Januari 1998

Bibi Maige,

Nimesikitika sana kuhusu huyo mama. Lakini sitakubali ulinyanyue jambo hili ulitue kichwani kwangu.

Ni kweli nilisoma namba hizo kwa simu. Nilizisoma kwa sababu Bwana Ndalahwa aliniambia, maneno yake ni haya: "Mhandisi wangu yuko hapa kwenye kebo, amefungua nyaya za gatini, anataka ulinzi uzimwe kwa muda apime, ila anaona haya kukuuliza." Nikajua umekatisha likizo ili uing'oe kebo, nikacheka. Nilicheka, nakiri, kwa sababu nilikuona jinsi ulivyo na kiburi, nikajua ndivyo ungefanya. Nikamwambia: "Mwambie akimaliza kupima arudishe." Akasema: "Atarudisha, ni mtu makini."

Ni wewe uliyetaka uzimwe. Ni wewe ambaye hukurudisha. Sasa una ujasiri wa kuniandikia mimi?

J. Chenge


Igogo, Mwanza
29 Januari 1998

Chenge,

Soma polepole, kama unavyopenda kuandika.

Siku aliyokupigia simu nilikuwa Ngudu, napalilia mahindi na mama yangu. Sikuwa kwenye kebo. Sikuomba ulinzi uzimwe, wala nisingeomba, kwa sababu kupima kebo hakuhitaji jambo hilo, na wewe unayejidai kujua draivu ulitakiwa kushtuka pale pale. Hukushtuka kwa sababu ulikuwa unacheka. Na mimi Ndalahwa aliponiambia ni wewe uliyemwelekeza, sikumwuliza swali la pili, kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe. Mtu yule hana akili nyingi. Alituangalia tu sisi wawili tunavyotukanana, akajua hatutaulizana.

Tumeing'oa kebo. Kiungo kipo, katikati ya gati, kimezungushiwa utepe mweusi wa dukani, kimekuwa kijani kwa kutu. Bomba limejaa maji. Waya wa ethi wa bomba, ambao ungepeleka umeme ardhini salama, umelika umekatika. Ulinzi wa draivu ndio pekee uliokuwa umebaki kati ya umeme na watu, na kila asubuhi ulikuwa unatupigia kelele, sisi tunabishana kuhusu kelele.

Nilirudi hospitali kumwona Odeta; mara ya kwanza alikuwa amelala, sikuzungumza naye. Ni mkubwa kwangu kwa umri. Nikamwambia shikamoo. Hakuitikia.

"Umetumwa na Meneja?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Nimekuja mwenyewe. Mimi ndiye mhandisi wa kiwanda."

"Yule mwingine alikuja na karatasi, nitie dole gumba kwamba niliingia mahali pasipoingiwa. Nikamwambia dole gumba liko kwenye bandeji, achukue la mguu." Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Yeye hakucheka. "Haya, na wewe sema shida yako uondoke."

Nilisema pole, akageukia ukutani.

Mkaguzi wa viwanda ameitisha kikao tarehe 20 Februari. Ndalahwa atasema mambo mawili: kwamba Odeta alivamia eneo la kiwanda, na kwamba ulinzi niliuzima mimi kabla ya likizo. Mtu mmoja tu duniani alisikia aliyoyasema kwenye simu ile. Uje uyaseme.

Modesta Maige


Dar es Salaam
5 Februari 1998

Bibi Maige,

Barua yako nimeipata. Nurudin amehamishiwa Mbeya. Mkurugenzi wangu anasema kampuni haihusiki na migogoro ya ndani ya wateja. Bwana Ndalahwa anasimamia ujenzi wa kiwanda cha pili na draivu zote zitatoka kwetu. Nina watoto shuleni. Natumaini utanielewa.

J. Chenge


Igogo, Mwanza
11 Februari 1998

Chenge,

Ulipokuwa hujui kitu uliniandikia ukurasa mzima. Sasa unajua, umeandika mistari mitano.

Nimekuelewa.

M. Maige


Stesheni ya Dodoma
17 Februari 1998

Maige,

Barua hii nampa dereva wa lori la saruji anayekuja huko, maana lori litafika kabla ya treni. Reli imesombwa na maji mbele yetu na hakuna anayejua itatengenezwa lini. Tumelala kwenye mabehewa tukinunua karanga na maji ya chumvi ya hapa. Nimeshaamua: leo isipoondoka napanda lori linalofuata, hata juu ya mzigo.

Siji kwa sababu ya mistari yako miwili, usijitukuze. Nilimpigia Ndalahwa simu. Nilitaka anikane, aseme hakusema vile, nibaki na shaka. Badala yake akaniambia kwa sauti ya rafiki: "Chenge, mimi na wewe ni watu wa kazi. Yule ni mama wa mapanki tu." Kisha akaniuliza bei ya draivu za kiwanda kipya.

Nikakata simu. Nilikuandikia Desemba kwamba sijui akina mama wale wanahusikaje. Yeye amesema lilelile, kwa maneno mafupi zaidi.

Mwambie mkaguzi anisubiri. Nikichelewa usiseme nimekimbia.

Josephat


Igogo, Mwanza
6 Machi 1998

Josephat,

Barua yako ya Dodoma imenifikia juzi, wewe ukiwa umeshakuja na kuondoka. Dereva wako alikwama Singida. Kwa hiyo siku ya kikao sikuwa najua kama unakuja. Ulipoingia na suruali imetapakaa saruji, bila tai, nilidhani ni kibarua amepotea mlango.

Ulizungumza vibaya. Ulirudia maneno, na mara mbili mkaguzi alikuomba upaze sauti. Lakini uliyasema yote, hata ile sehemu ya kucheka, ambayo ungeweza kuiruka na hakuna ambaye angejua. Ndalahwa alipokuita mwongo mbele ya watu, uliweka mikono mezani ukamjibu: "Kama mimi ni mwongo, basi nani alikusomea zile namba? Zimo kwenye kitabu ambacho hukuwahi kukifungua." Hapo nilitaka kucheka, nikajizuia, hatujafika huko.

Matokeo ndiyo haya. Pampu ilifungwa mpaka kebo mpya ilipowekwa, kipande kimoja. Nimeilaza mimi. Haipiti tena kwenye bomba la chini, na ngazi nimeifungia ethi yake yenyewe. Kiwanda kimeamriwa kumtibu Odeta na kumlipa fidia. Ndalahwa hakufukuzwa, amehamishiwa Musoma na gari lake. Wazungu wamezuia samaki wetu kwa sababu ya kipindupindu, nusu ya wafanyakazi wako nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kushangilia. Wewe nasikia huna kazi tena. Hilo sitakupa pole kwa barua.

Lakini kuna jambo nimekukasirikia. Ulitoka kwenye kikao ukaenda moja kwa moja stendi. Hospitali hukupita. Mwendo wote ule juu ya saruji, na hukuweza kupanda kilima kimoja cha hospitali.

Odeta ametoka. Jana alikuja getini, mkono umefungwa kitambaa. Luhende alimfungulia bila kuniuliza.

"Nasikia umetengeneza," akaniambia.

"Nimetengeneza, mama."

"Wenzangu wanaogopa kushuka. Wanaoshea mapanki kule kwenye matope. Wanataka kujua."

Nikaanza kumweleza: kebo mpya, ethi, draivu sasa itajikata kabla hata mtu hajausikia umeme. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri mbwa aache kubweka. Kisha akasema, "Washa pampu."

Nikamwambia fundi awashe.

"Haya. Shika wewe kwanza."

Josephat, mimi ndiye niliyelaza kebo ile. Nimeipima asubuhi, mchana na siku ya mvua. Najua hakuna umeme kwenye ngazi ile kama ninavyojua jina langu. Nilivua viatu nikashuka majini na sketi yangu ya kazi, na mkono haukutaka kwenda. Wanawake walikuwa wamejipanga kule kwenye matope. Pampu inavuma juu yetu. Niliufikiria mdomo wake ulivyokuwa wazi, wenzake wakidhani anacheka. Nikashika.

Chuma kilikuwa baridi, basi.

"Nimeshika, mama," nikasema.

"Naona. Endelea kushika."

Nilishika mpaka vidole vikafa ganzi. Alikuwa akiniangalia usoni, haangalii ngazi. Mwishowe akawaita wenzake kwa mkono wa kushoto, nao wakaanza kuja na makarai yao, mmoja mmoja. Yeye hakushuka. Nilipopanda juu nimelowa, nikamwambia kwamba hata wewe ulikuja, kwamba ulisema kweli mbele ya mkaguzi na umepoteza kazi kwa ajili hiyo.

"Yule wa kwenye simu?"

"Ndiye huyo."



"Kusema, alisema. Na yeye mwambie aje ashike."

Nimekuambia.

Modesta